Kikoa cha Ijumaa Nyumbani kwa Bi Ruzuna

Wifi yangu, Bi Ruzuna binti Nassor, hakuwahi kufungua mgahawa. Naanzia hapo kwa sababu ndipo maneno yalipoanzia, kwenye duka moja la ushonaji huko Al Baraha, hapa Dubai, ambako wanawake hupeleka abaya na kurudi na habari za watu. Ilisemwa kwamba chakula cha Ijumaa nyumbani kwetu Al Twar kinauzwa, kwamba mtu hulipa mlangoni kabla hajavua viatu, na kwamba mshika fedha ni mimi, mjane wa Khalfan, niliyesoma chuo kikuu Kairo na kuwasomesha jiografia binti za watu hadi nikastaafu. Nyumba ya Nassor haijauza hata andazi. Ilivyokuwa naijua mimi, kwa sababu nilikuwapo, na waliokuwa wakizungumza pale dukani hawakuwapo.

Ruzuna ni dada wa marehemu mume wangu. Alizaliwa Unguja, Vikokotoni, na alikuja Dubai katika miaka ya sabini, bado msichana, akimfuata kaka yake. Aliolewa Muskat, akaachwa, akarudi na mtoto mmoja mgongoni, Aidarus, wala hakumweleza mtu kilichotokea, nasi hatukumuuliza. Kisha akapata kazi ya kusimamia watoto kwenye basi la shule ya wasichana, na kazi hiyo aliifanya mpaka wale watoto wakakua, wakazaa, wakampandishia na binti zao. Ndani ya basi lile hakuna aliyesimama gari likienda, na hakuna aliyeshuka kabla Ruzuna hajamwona mtu wa nyumbani amefungua geti. Kusoma, alisoma Kurani akahitimu, basi. Hatukugombana kwa hilo hata siku moja. Yeye hucheka kwa sauti kubwa na humwita kila mtu mwanangu, pamoja na askari wa barabarani, na mimi huvaa miwani na kusahihisha.

Chakula cha Ijumaa kilianzishwa na Khalfan. Alikuwa karani wa kutoa mizigo kwenye gati za Deira, na kila Ijumaa alirudi kutoka msikitini na mtu mkononi, kama mwengine anavyorudi na tikiti maji. Leo Mpemba, kesho mtu wa Tanga, keshokutwa Mkamba aliyepotea njia. Khalfan alipofariki nilidhani watu watapungua. Waliongezeka. Ruzuna alipika pilau kwenye sufuria ile ile, na waliokuja sasa walikuwa walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva, na wasichana wa kazi waliopewa Ijumaa yao ya mapumziko. Waislamu walifika wakitoka msikitini na Wakristo wakitoka kanisani, kwa kuwa mji huu hata makanisa hujaa Ijumaa. Wanaume walikaa upande mmoja wa majlisi ya Khalfan, ukumbi wake wa wageni, na wanawake upande wa pili, viyoyozi vitatu vikivuma, na mgeni hakuulizwa anaondoka saa ngapi. Akija na mfuko wa machungwa, Ruzuna alimrudishia pale pale mlangoni: “Kawape wenzako wa chumbani, mwanangu. Hapa hukuja sokoni.”

Mwaka 2011 bei ya umeme na maji ilipanda, na juu yake ikaongezwa gharama ya mafuta. Ruzuna alikuwa akipokea posho ya serikali ya mwanamke asiye na mume. Mwaka huo huo Aidarus aliajiriwa Abu Dhabi, tukachinja mbuzi kwa furaha, na mwezi uliofuata posho ya mama yake ikakatwa zaidi ya nusu, kwa kuwa sasa ana mtoto wa kumtunza. Kanuni ni kanuni, sina ugomvi nayo. Lakini Aidarus alikuwa ndiyo kwanza ameoa, na Ruzuna alimkataza kabisa kutuma kitu. Alisema hakumlea mtoto ili aje amlipie mita.

Tukabana. Kubana si aibu. Aibu ni kubana watu wakakuona. Tulihamia chumba kimoja kulala, mimi na yeye, ili kiyoyozi kimoja kitutoshe, na hapo nikajua jinsi wifi yangu anavyokoroma. Kiyoyozi kikinyamaza, yeye hupokea. Nguo tulipiga pasi mara moja kwa wiki. Tulizima hita ya maji mwezi wa Mei, kwa maana kiangazi cha hapa tangi la juu ya paa huchemka lenyewe. Anayetaka maji ya kuvumilika hufungua bomba la moto, ambalo maji yake yamelala ndani ya hita iliyozimwa, kivulini. Mgeni wa mji huweza kuungua mkono huku akiapa amefungua la baridi.

Yote hayo yalikuwa ndani ya nyumba, na ya ndani hayamhusu mtu. Majlisi ndiyo iliyokuwa kazi. Chumba kikubwa, dari juu, watu zaidi ya ishirini na sufuria inayofuka mvuke. Nikaamua viyoyozi viwili kati ya vitatu visiwashwe. Wageni walipoanza kujipepea kwa vifuniko vya sahani, niliwaambia vimeharibika na fundi yuko njiani. Wiki ya pili nikasema fundi amechelewa kwa sababu ya foleni. Wiki ya tatu nikasema kipuri kinatoka Japani. Hiyo ni sitara ya nyumba, na aliyelelewa vyema haiti sitara uongo.

Basi Ijumaa moja ya Juni alikuja Samuel. Samuel alikuwa mlinzi wa ghala huko Qusais, mtu wa Bungoma, mrefu na mpana kama mlango wa duka. Alikula akashiba, akasogea nyuma, akaegemeza bega ukutani. Kiyoyozi juu ya kichwa chake kikanguruma, kikatoa pumzi ya baridi mpaka mapazia yakainuka.

Majlisi nzima ikageuka.

“Wee Samuel, umefanya nini?” aliuliza Fortunata, msichana wa Moshi anayefanya kazi kwa familia moja ya Mirdif.

“Sijafanya kitu. Nimeegemea tu.”

“Basi nenda ukaegemee na kile kingine.”

Watu walicheka, kisha wakanitazama mimi, kicheko kikakatika. Nikasema kwa utulivu, “Alhamdulillahi, kimepona.”

“Hapana, Mwalimu,” akasema Jecinta, mlinzi wa jengo moja la Al Baraha, mzaliwa wa Nyeri. “Hiki hakijapona. Kimeokoka.”

Ruzuna alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akainuka, akaenda kwenye swichi nyuma ya bega la Samuel, akakizima. “Tusikichoshe,” alisema. “Ndiyo kwanza kinatoka kitandani.” Akaketi na kuendelea kuwapakulia. Hapo wakaelewa wote. Walikula, jasho likiwachuruzika, na sijapata kusikia pilau ikisifiwa vile.

Julai nilikwenda kulipa bili. Kijana wa dirishani aliangalia kompyuta, akasukuma pesa zangu zikanirudia. “Khalas, mama. Imeshalipwa.” Nilimwomba aangalie tena. Aliangalia tena. Nilirudi nyumbani nikampigia Aidarus, akaapa si yeye, na nikamsikia mkewe nyuma yake akiapa pia.

Ruzuna alisikiliza, akaweka kikombe chini taratibu.

“Basi ni yule wa Muskat,” alisema.

“Yupi?”

“Yule bwana. Nilijua kuna siku itamchoma. Mtu hawezi kumwacha mwanamke na mtoto mchanga akalala usingizi maisha yake yote.”

Nilimwambia asubiri tupate uhakika. Hakusubiri. Alimpigia simu, baada ya miaka yote hiyo bila salamu, akamshukuru kwa heshima na kumwombea dua. Na yule bwana, ambaye si wa ukoo wetu na ndiyo maana naweza kuliandika hili, akazipokea zile shukrani. Akasema ni kitu kidogo tu, asijali. Wiki nzima Ruzuna aliimba jikoni.

Kisha akanipigia binamu yangu wa Sharja, mwanamke ambaye hajui kupiga simu kwa habari njema. “Nasikia mna mgahawa siku hizi,” alisema. “Mnafungua saa ngapi? Nilete watoto.” Akanieleza yaliyosemwa dukani kwa mshonaji: kuna mama alipita mtaani kwetu kwa gari Ijumaa, akaona watu wamepanga mstari nje ya geti letu, kila mmoja akitoa pesa ndipo aingie. Mji huu kuuza chakula nyumbani bila leseni si jambo la mchezo. Lakini sikuwaza leseni. Niliwaza Khalfan, na watu wakitaja jina lake pamoja na bei ya sahani.

Ijumaa iliyofuata nilisimama ndani ya geti kabla watu hawajafika. Teksi ilisimama, nikasikia sauti, halafu nikasikia kitu kikilia ndani ya bati. Nikafungua. Jecinta alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta na kopo la maziwa ya unga mkononi, na nyuma yake Samuel, Fortunata na wengine, kila mtu mkono mfukoni.

“Jecinta, hicho ni nini?”

“Ni kopo, Mwalimu.”

“Naona ni kopo.”

Alimtazama Samuel, Samuel akatazama barabara. “Ni harambee kidogo,” akasema Jecinta. “Ya stima.”

“Nani kakwambia hatuna cha kulipia umeme?”

“Hakuna mtu alituambia. Samuel aliegemea.”

“Na ile bili ya mwezi uliopita?”

“Ile nambari ya nyumba iko kwa kibao hapo ukutani. Mtu yeyote anaweza kuwalipia.”

“Na mtu yeyote anaweza kutuaibisha.”

Hilo lilimwingia. Alishusha kopo. “Mwalimu, kwetu mtu akilemewa tunachanga. Anasimama mbele, tunamshangilia, anasema asanteni, tunakunywa chai. Hata mkubwa anachangiwa. Si aibu.”

“Kwetu mtu akilemewa hufunga mlango,” nikamwambia, “na jirani mwenye adabu hupita bila kutazama.”

“Sasa mtu akifunga mlango, anasaidiwa aje?”

Jua lilikuwa kali na majirani wana madirisha. Niliwaingiza ndani, kwa kuwa mgeni aliyekwisha fika hafukuzwi, nikaenda moja kwa moja jikoni. Ruzuna alikuwa akipalia mkaa juu ya mfuniko wa sufuria; wali alioutia moto juu na chini ndio wali kwake. Nikamweleza yote: kopo, mstari, mshonaji, na nani hasa aliyelipa ile bili.

Kwanza alisema neno moja kuhusu yule bwana wa Muskat. Sitaliandika.

“Khalas, wifi,” nikasema. “Leo waache wale. Wiki ijayo geti linafungwa. Ijumaa imekwisha.”

Aliweka koleo chini, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Sikuwa nimemwona akikaa kabla wali haujaiva.

“Nikiacha Ijumaa nitakuwa nani?” aliuliza. Hakuwa na hasira. “Basi la shule nimestaafishwa. Mume alijiondokea. Kaka yangu Mungu kamchukua. Mtoto ana nyumba yake, na ni haki yake. Siku sita nakaa na wewe chumba kimoja, unanisahihisha. Ya saba ndiyo yangu.”

“Na jina la nyumba?”

“Jina la nyumba liko kwa mshonaji, wifi. Tukifunga geti leo, kesho atasema mgahawa umefilisika.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema vyovyote iwavyo, pesa za wafanyakazi siwezi kuzipokea. Hawa wana watoto kwao, wana karo, wana wazee. Na kuzirudisha pia niliona vigumu, maana hawakuandika nani katoa ngapi. Ruzuna alikuwa akinitazama huku akizungusha upawa mkononi.

“Unakumbuka kikoa?” akasema.

Nilikikumbuka. Kila mtoto wa kike aliyekulia Unguja anakikumbuka. Tulikula kikoa uani, leo kwetu, kesho kwenu, huyu kaleta mchele, yule nazi, yule dagaa aliowaiba jikoni kwa mama yake. Binti wa tajiri alikula na binti wa mpagazi, na zamu ilikuwa zamu. Hakuna aliyesema anamsaidia mtu. Hakuna aliyeshukuru. Ungeshukuru, ungechekwa.

“Kile ni mchezo wa watoto,” nikasema.

“Mimi nimekaa na watoto maisha yangu yote,” akajibu, akainuka.

Alikwenda majlisini na upawa wake, akasimama katikati. Nilisimama mlangoni, si kwa kusikiliza bali kwa kuwa ndipo palipokuwa na hewa.

“Wanangu,” alisema, “mchango siuchukui. Mtu huchangiwa akiolewa au akifiwa. Mimi sijafiwa na mtu leo, na kuolewa nimejaribu.”

Wakacheka, wengine kwa woga.

“Lakini hapa kuanzia sasa tunakula kikoa. Kila mtu ana zamu. Zamu yako, unaleta chakula cha kwenu, unapika jikoni kwangu, sisi tunakula. Zamu yangu, mnakula pilau. Asiyeweza peke yake, ashirikiane na mwenzake. Hakuna anayemlisha mwenziwe, na hakuna kusema asante. Mtu akisema asante nampiga upawa.”

“Na ile stima tulilipa?” aliuliza Samuel. “Hiyo tunaiitaje?”

“Hiyo ilikuwa zamu yenu. Mlitupikia ubaridi, tukaula, umekwisha. Leo ndiyo yangu.”

“Na kopo?” akauliza Jecinta.

“Kilichomo kanunulie vyakula vya zamu yako. Kopo lenyewe niletee, nitie bizari.”

Jecinta alifikiri kidogo. “Mama, hii kikoa ni harambee tu, lakini imevaa buibui.”

“Ndiyo,” akasema Ruzuna. “Hapa kwetu hakitoki kitu bila buibui.”

Kulikuwa na jambo moja ambalo alinikabidhi mimi niliamue, na nashukuru alinikabidhi. Majlisi ilikuwa kubwa mno kupozwa. Nikaifunga mpaka hali ya hewa ibadilike, nikapanga tuwe tukila kwenye sebule ndogo ya ndani, yenye kiyoyozi kimoja, wanaume kwanza, kisha wanawake, au kinyume, kwa kupokezana wiki kwa wiki. Kufunga majlisi ya Khalfan hakukuwa kwepesi kwangu. Nilifunika matakia yake kwa mashuka, nikageuza ufunguo, nikaenda kuhesabu sahani.

Zamu ya Jecinta tulikula githeri. Kwa asiyejua, ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja kwa subira kubwa. Ruzuna alitafuna, akafikiri, akauliza nazi iko wapi.

“Haina nazi, Mama.”

“Mnaila hivi hivi?”

“Hivi hivi. Na tunashinda mbio za dunia.”

Fortunata akapika ndizi na nyama, na Samuel akasonga ugali mgumu kiasi kwamba Ruzuna alisema ungefaa kwa ujenzi, hapa kuna kazi nyingi. Waliokuwa wakija na kukaa pembeni, wakila haraka na kuondoka kama watu walioazima kitu, sasa walikuja mapema, wakagombania jiko, wakaulizana chumvi kwa kelele. Mwezi wa Agosti ukaangukia Ramadhani, tukahamishia kikoa kwenye futari, na Samuel akafunga nasi siku moja hadi adhuhuri, jambo alilolisimulia kana kwamba ameshiriki vita. Bili ilishuka, ingawa haikushuka mpaka ilipokuwa zamani. Posho haikurudi, wala hatukuitegemea irudi. Aliyekuwa na maswali dukani kwa mshonaji alialikwa aje ale, na zamu yake akapewa. Hakuja.

Baada ya Idi, Ruzuna alikuwa akitaja zamu kwa sauti, mtu kwa mtu, kama alivyokuwa akiita majina ya watoto kwenye basi. Akafika mwisho, akanitazama. Sebule nzima ikanitazama. Katika ndoa yangu yote jiko lilikuwa lake, na mimi nilikuwa na madaftari ya wanafunzi.

“Mimi ni mwenye nyumba,” nikasema.

“Na unakula?”

“Nakula.”

“Basi una zamu, wifi. Ama utakuwa unalishwa.”

Nilikuwa nimesimama pale getini, mwezi wa Julai, nikikataa kwa kinywa changu kusaidiwa na mtu. Jecinta aliangalia chini ili asicheke, na alikuwa na adabu sana siku hiyo. Nikasema vyema, Ijumaa ijayo ni yangu, na itakuwa biriani ya kuku. Ruzuna akapiga vigelegele viwili, vifupi.

Ijumaa ilifika. Biriani ikaletwa sebuleni, imefunikwa vizuri, zafarani mahali pake na vitunguu mahali pake. Samuel aliongeza mara tatu. Fortunata aliomba aelekezwe inavyopikwa, nikamwambia ni mambo ya mkono. Wifi yangu alionja tonge la kwanza, akafumba macho, akaniinamia sikioni na kusema jambo, kisha akala mpaka akalamba vidole, na jioni alivua bangili yake moja ya fedha akanivisha mkononi.

Sasa nasikia Al Baraha wana maneno mapya. Wanasema asubuhi ya siku ile gari la hoteli lilionekana limesimama nje ya geti letu. Magari husimama popote penye kivuli. Alichoninong'oneza Ruzuna ni cha kwangu na chake. Nani alipika, sisemi, na asije mtu kuniuliza.